Kura ya Kuitwa Majina

Katibu wa baraza anaita majina
kwa sauti ya mtu anayehesabu mayai.
Ahlström. Ndiyo.
Bergkvist. Ndiyo.
Ajenda ya kumi na nne: kuyafunga makazi ya wakimbizi
katika hospitali kuukuu kando ya ziwa.
Mimi niko kwenye H. Bado kidogo.
Miaka tisa nimekaa kiti hiki,
na majina yakianza kuitwa
magoti yangu hurudi Bosnia bila kuniaga.

Mwalimu Ljubiša aliita hivyohivyo.
Kipindi cha pili, hesabu, chaki mkononi,
doa la wino kwenye mfuko wa shati.
Halkić Zumreta.
Nipo.
Kazi ya nyumbani umefanya?
Nimefanya, nusu.
Darasa likacheka, naye akacheka.
Alikuwa mtu wa kucheka.

Mwezi wa Mei basi letu lilisimamishwa darajani.
Plamu zilikuwa bado changa mtini, kijani, ndogo kama gololi.
Baba alikuwa akinimenyea yai.
Akapanda mtu mwenye gwanda, bunduki begani, karatasi mkononi,
nami nikatafuta doa la wino mfukoni mwake.
Halikuwapo.
Akaanza kuita.
Halkić Ekrem.
Baba hakusema nipo.
Alinipa yai, nusu lina ganda,
akasimama, akajipangusa vidole kwenye suruali
kama anayekwenda kupeana mkono na mtu.
Mwalimu akanitazama.
Kula, mtoto, akasema. Safari ni ndefu.

Sikulila.
Nililishika hadi Karlovac, likanuka,
mama akalizika kwenye sanduku la maua
nje ya kituo cha polisi, akafukia kwa kijiko.
Kwa miaka kumi na saba
hilo ndilo kaburi tulilokuwa nalo.

Kisha meli, kisha treni, kisha theluji.
Mgeni siku mbili; ya tatu nikapewa jembe,
ila la hapa ni koleo la plastiki jekundu,
refu kunizidi. Bi Valborg wa stoo aliniambia kwa vidole:
kutoka mlangoni mpaka kwenye pipa.
Nikafukua mpaka kwenye pipa, nikapitiliza,
nikafika barabarani, jasho linanitoka,
na sijui nimwambie nani kwamba nilifurahi.
Mama, mfamasia, alipiga deki zahanati ya mji,
akisoma majina ya dawa kwenye rafu
kama mtu anayesalimia jamaa zake kwa mbali.

Dahlgren. Ndiyo.
Ekdahl. Hapana.
Frisk. Ndiyo.

Chama kimeshakubaliana. Tulikubaliana jana,
kwa kahawa na mikate ya mdalasini,
na mimi nilikula miwili.
Kwenye mabango waliandika chini ya uso wangu:
Anajua maana ya kupoteza.
Picha ilikuwa nzuri. Sikupinga. Kura ni kura.

Kulia kwangu ameketi Torkel, aliyeandika hoja.
Torkel ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye barafu;
mama alipofariki alileta supu siku nne mfululizo.
Anasema ni suala la paa bovu na bajeti,
na paa kweli linavuja, nimelipanda mwenyewe.
Torkel si mtu mbaya.
Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.
Ljubiša naye hakuwa.

Grahn. Ndiyo.
Nje mtu anaparua theluji; nalijua koleo hilo kwa mlio wake.

Halkić.

Nipo,
linanitoka lenyewe, kwa sauti ya kitoto,
tena nimesimama, na hapa hakuna anayesimama.
Kicheko kidogo kinapita ukumbini, si cha ubaya.
Torkel naye anacheka.
Katibu ananitazama juu ya miwani,
kalamu yake iko hewani.

Ndiyo au hapana, anasema kwa upole.

Kiganja changu kimejikunja, taratibu,
kama chenye kitu kisichotakiwa kupasuka.